Funguo Begani mwa Mtunza Nyumba

Masomo: Isaya 22:15-25, Mathayo 16:13-19, 1 Petro 5:1-4

Tunawasalimu nyote, ninyi mlioko Malindi mjini na Gede, ninyi wa Takaungu na Kilifi, na ninyi wa bara ya Ganze, Bamba na Kaloleni. Tunawasalimu wagonjwa walio vitandani, na akina mama walio jikoni wakitusikiliza huku wakikuna nazi. Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Leo tunaanza na barua. Mama mmoja wa upande wa Kaloleni, mshiriki wa kanisa la Kiprotestanti, ametuandikia kwa uchungu. Binti yake amechumbiwa na kijana Mkatoliki wa Malindi. Kijana ni mwema, ana kazi yake, na anawaheshimu wakwe zake. Siku ya kikao cha posa wazee wa pande zote mbili walikaa chini ya mwembe, chai ikanywewa, na maneno ya mahari yakaanza vizuri. Ndipo shemeji yake mama huyu, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema kwamba mtoto wa nyumba ile hawezi kwenda kwa watu wa Papa, kwa kuwa Papa hamo katika Biblia. Mjomba wa kijana hakunyamaza. Alijibu kwamba afadhali wao wana mwenye funguo, kuliko Waprotestanti ambao kila aliyenunua kipaza sauti ni askofu. Watu wakainuka. Chai ya pili haikunywewa. Mama anatuuliza: "Ni nani kati yao aliyesema kweli? Na mimi nimwambie nini mwanangu?"

Mama yetu, tunakushukuru kwa barua yako. Sisi hatuwezi kukaa mahali pa wazazi na kuamua ndoa ya mtoto wao. Lakini lile swali la kwanza linatuhusu sote. Jirani zetu wengi hapa pwani ni Wakatoliki. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, na nguzo yao ya msalaba ingali imesimama juu ya mwamba ufukoni. Karibu na hapo pana kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti na makaburi uani. Francisko Xavier naye alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Na tangu mwaka 2000 Malindi ina jimbo lake la Kikatoliki na askofu wake. Wakatoliki ni wakwe zetu, na walimu wa watoto wetu. Si vyema tuishi nao miaka mingi hivi, na imani yao tuijue kwa kejeli tu.

Basi hebu tuulize kwa utulivu: ndugu zetu hawa wametoa wapi mafundisho yao juu ya uongozi wa Kanisa? Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba yametoka Roma, kwa makaisari. Wao wenyewe wanajibu kwamba yametoka mbali zaidi, kwa Wayahudi, katika Agano la Kale. Tuwasikilize kwanza, kisha tupime.

Ninyi mnaokaa Malindi na Watamu mnazijua zile nyumba kubwa za wageni kutoka Italia. Mwenyewe huja miezi michache, kisha hupanda ndege na kwenda zake. Nyumba hubaki na nani? Hubaki na mtunza nyumba. Funguo zote anazo yeye. Fundi akija kutengeneza bomba, atafunguliwa na yeye. Mpita njia akitaka kuingia, atazuiwa na yeye. Hakuna anayeweza kubishana naye langoni, kwa sababu amepewa kazi hiyo na mwenye nyumba.

Wafalme wa Yuda walikuwa na mtu wa namna hiyo. Biblia humwita mtu aliye juu ya nyumba ya mfalme. Katika Isaya sura ya 22 tunasoma habari za Shebna, aliyekuwa na cheo hicho zamani za mfalme Hezekia. Shebna alijisahau. Alikwenda kujichongea kaburi mahali palipoinuka, kama mtu mkubwa mno. Mungu akamtuma Isaya amwambie kwamba ataondolewa, na mahali pake atawekwa Eliakimu, mwana wa Hilkia. Eliakimu atavikwa vazi la Shebna na mshipi wake. Atakuwa baba kwa watu wa Yerusalemu. Na begani mwake utawekwa ufunguo wa nyumba ya Daudi; akifungua, hapana wa kufunga, na akifunga, hapana wa kufungua. Mtu anashangaa, kwa nini begani? Kwa sababu ufunguo wa lango la kale ulikuwa mti mkubwa wa kuinulia komeo, wala haukuwa kitu cha kufungwa kwenye ncha ya leso.

Jambo hili si hadithi tupu. Mwaka 1870, katika kijiji cha Silwan ng'ambo ya bonde kutoka Yerusalemu, lilionekana jiwe la kaburi lililochongwa mwambani, lenye maandishi ya Kiebrania yanayotaja mtu aliyekuwa juu ya nyumba. Jina lake limevunjika, imebaki sehemu ya mwisho tu, na wako wataalamu wanaodhani kwamba ni Shebna huyu huyu. Jiwe hilo liko London.

Sasa tufungue Mathayo sura ya 16. Bwana Yesu, Mwana wa Daudi, anamwambia Simoni kwamba atampa funguo za ufalme wa mbinguni, na lolote atakalofunga au kufungua duniani litakuwa hivyo mbinguni. Wakatoliki wanasema: Myahudi ye yote aliyekuwa akimsikiliza angemkumbuka Eliakimu mara moja. Mfalme anamweka mtunza nyumba wake. Na kwa kuwa cheo cha Shebna hakikufa Shebna alipoondolewa, bali kilipata mtu mwingine, vivyo hivyo cheo cha Petro hakikufa pamoja na Petro. Na kwa kuwa Eliakimu aliitwa baba, wao huona ni sawa askofu wa Roma kuitwa Papa, neno ambalo maana yake ni baba.

Wanaongeza habari ya jina. Simoni alipewa jina la Kefa, neno la Kiaramu lenye maana ya mwamba. Kati ya Wayahudi, Mungu akimbadilisha mtu jina, amempa kazi mpya, kama Abramu alivyoitwa Ibrahimu. Na Ibrahimu mwenyewe anafananishwa na mwamba katika Isaya sura ya 51. Hapa na sisi tuseme kweli. Zamani wengi wetu tulifundishwa kwamba ule mwamba ni imani ya Petro tu, wala si Petro mwenyewe. Lakini wako wataalamu wengi wa Kiprotestanti wanaokubali kwamba Bwana alimsema Petro mwenyewe. Haitupunguzii kitu kukubali neno lililo wazi katika maandiko.

Kufunga na kufungua nako kuna asili ya Kiyahudi. Kwa walimu wa Kiyahudi, kufunga kulikuwa ni kukataza jambo, na kufungua kulikuwa ni kuliruhusu. Shule ya Shamai ingeweza kufunga neno, na shule ya Hileli ikalifungua. Tena mwandishi Yosefo anaeleza kwamba siku za malkia Aleksandra, yapata miaka 70 kabla ya Kristo, Mafarisayo walikuwa na amri ya kufunga na kufungua watu katika nchi. Kwa hiyo Bwana alitumia lugha ya watu wake, lugha ya mahakama na ya mafundisho.

Kuna pia kiti. Katika Mathayo sura ya 23 Bwana Yesu anasema juu ya waandishi na Mafarisayo walioketi katika kiti cha Musa. Huko Korazini, kaskazini ya bahari ya Galilaya, wachimbaji walipata kiti cha jiwe jeusi katika magofu ya sinagogi. Kiti hicho ni cha karne za baadaye, lakini kinatusaidia kuona jambo lenyewe: kuketi ni kufundisha kwa mamlaka. Ndiyo sababu kila askofu Mkatoliki ana kiti chake, na kanisa lenye kiti hicho huitwa kanisa kuu. Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870 uliposema kwamba Papa hawezi kukosea akitoa fundisho la imani kutoka kitini, ulikuwa ukitumia sura hiyo hiyo ya kale.

Na kuna mikono. Katika Hesabu sura ya 27 Musa anamwekea Yoshua mikono mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote. Wayahudi walihesabu mapokeo yao kama mnyororo: Musa alipokea sheria Sinai, akampa Yoshua, Yoshua akawapa wazee, wazee wakawapa manabii. Wakristo wa kwanza wakafanya vivyo hivyo. Timotheo aliwekewa mikono. Yapata mwaka 180 Irenayo aliandika orodha ya maaskofu wa Roma, mmoja baada ya mwingine, ili kuwajibu waliokuja na mafundisho ya siri. Na kabla yake, yapata mwaka 96, barua ya Klementi kutoka Roma kwenda Korintho ilikumbusha watu kwamba katika hekalu kuhani mkuu alikuwa na kazi yake, makuhani kazi yao, Walawi kazi yao, na watu wa kawaida mahali pao. Wakatoliki huona hapo mfano wa askofu, padre na shemasi.

Wasikilizaji wetu, msidhani habari hii ni ya Wakatoliki peke yao. Sikilizeni maneno tunayoyatamka sisi wenyewe kila Jumapili. Neno kanisa limetujia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiaramu, ambako lilikuwa na maana ya mkutano, hata sinagogi. Neno kasisi limepita njia hiyo hiyo, na asili yake ni mzee. Shemasi ni mtumishi, na katika sinagogi za Wayahudi mtumishi wa nyumba ya sala huitwa jina la asili hiyo hiyo. Neno kuhani ni ndugu wa neno la Kiebrania. Askofu ni la Kiyunani, maana yake mwangalizi. Na katika magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, jamii ile ya Kiyahudi nayo ilikuwa na mwangalizi wa kambi. Kila tukimwita mchungaji wetu kasisi, tunasema Kiyahudi bila kujua. Mzee yule aliyesema mambo haya ni ya Kirumi tu, hakusema kweli yote.

Je, basi Wakatoliki wana haki katika kila neno? Hapana, ndugu zetu, na hapa tuseme wazi bila matusi. Mizizi tunaikubali. Lakini kuna matawi ambayo hatuoni kama yameota katika mizizi hiyo. Tutaje mambo matatu.

Jambo la kwanza, mwenye nyumba wetu hakupanda ndege akatuacha. Ufunuo sura ya 3 yatuambia ni nani aliye na ufunguo wa Daudi hata sasa: ni Yesu Kristo aliye hai, naye hakuukabidhi mkononi mwa mwingine ili apumzike. Waebrania watuambia kwamba makuhani wakuu wa kale walikuwa wengi kwa sababu walikufa, lakini yeye hafi, na ukuhani wake haupokewi na mwingine. Petro alipewa funguo za kazi, kweli. Siku ya Pentekoste alifungua mlango kwa Wayahudi, na nyumbani mwa Kornelio akaufungua kwa mataifa, ambao ni sisi. Ila hatusomi mahali po pote katika Maandiko kwamba funguo hizo zilirithiwa na askofu wa mji mmoja. Ndugu zetu husoma hivyo kutokana na mapokeo ya Kanisa. Sisi hatujaona neno lenyewe.

Jambo la pili, katika Mathayo sura ya 18 Bwana anawapa wanafunzi wote kazi ile ile ya kufunga na kufungua, na anaitaja pamoja na shauri la kanisa juu ya ndugu aliyekosa. Musa naye hakuachwa peke yake. Mungu alimwambia akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Kule Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15, Petro alisema, Paulo na Barnaba wakasimulia, Yakobo akatoa shauri, na mitume na wazee pamoja na kanisa lote wakakubali. Petro mwenyewe, anapowaandikia wazee, anajiita mzee mwenzao, na anawaonya wasijifanye mabwana juu ya kundi. Hata ndugu zetu Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulioanza mwaka 1962 hadi 1965, walisisitiza kwamba maaskofu wote pamoja na Papa ni mwili mmoja wa uongozi. Tunashukuru kwa neno hilo.

Jambo la tatu, Isaya 22 haikuishia kwenye sifa za Eliakimu. Eliakimu anafananishwa na kigingi kilichopigwa mahali imara, na jamaa zake wote wanatundika vyombo vyao juu yake, toka mabakuli hata magudulia. Mwisho wa sura twaambiwa kwamba kigingi kilichopigwa mahali imara kitang'oka na kuanguka, na mzigo wote utavunjika. Wapenzi, mtunza nyumba mwema naye ni mtu. Ukimtundikia kila kitu, siku akianguka, utaokota vigae. Paulo alijua hayo. Petro alipokosea kule Antiokia, Paulo alimpinga usoni, na Petro hakumfukuza kanisani.

Mpaka hapo, huenda shemeji yule mzee wa kanisa anatabasamu, akidhani tumemshindia kesi. Ngoja kwanza, mzee wetu. Sasa ni zamu yetu.

Mjomba wa kijana alisema kwamba kwetu kila aliyenunua kipaza sauti ni askofu. Tulipoisoma barua hiyo, tulitaka kukasirika, tukashindwa. Tulimkataa Papa mmoja aliye Roma, tukaweka mapapa wadogo katika kila kijiji. Tuna wachungaji ambao hawakuwekewa mikono na mtu, hawana baraza la wazee, hesabu za sadaka wanazijua wao na wake zao, na ukiuliza swali unaambiwa usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Daudi alikuwa mpakwa mafuta kweli kweli, na nabii Nathani alimwambia usoni kwamba yeye ndiye mtu yule mwenye dhambi.

Mnajua tunakokwenda. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi. Walikuta wanaume, wanawake na watoto wadogo. Siku zilipita, miili ikaongezeka, hata ikazidi 400. Wengi walikufa kwa njaa. Mhubiri waliyemfuata alishitakiwa pamoja na watu wengine. Hukumu ni ya mahakama, wala sisi si mahakimu. Lakini hospitali ya Malindi ilijaa jamaa waliokuja kutafuta watu wao, na mpaka leo tunao jirani ambao hawajui mtoto wa ndugu yao alilazwa shimo gani.

Watu wale hawakuwa Wakatoliki wa kumfuata Papa. Walikuwa watu waliotoka katika makanisa kama yetu, wenye Biblia kama zetu mkononi. Tunajiuliza: alikuwapo nani wa kumwambia kiongozi wao, "Ndugu, neno hili ulilolifunga, Bwana hakulifunga"? Wazee wake walikuwa wapi? Na sisi majirani, tuliosikia habari kwa muda mrefu na kusema kwamba hayo ni mambo ya dhehebu lingine, tulikuwa wapi? Mwaka huo huo serikali iliunda jopo la kuchunguza namna ya kusimamia dini, na makanisa mengi yakaogopa uhuru wao utaguswa. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini nyumba isiyojisimamia yenyewe huwaita polisi mlangoni pake.

Basi ile asili ya Kiyahudi, ambayo tumewaachia Wakatoliki kama kwamba ni mali yao, tunaihitaji sana. Torati katika Kumbukumbu sura ya 17 inamwagiza mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya sheria, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mfalme yuko chini ya kitabu. Mzee anakaa na wazee wenzake. Yoshua anawekewa mikono mbele ya mkutano wote, wala si gizani. Mchungaji akila kondoo badala ya kuwalisha, Mungu anamdai kundi lake, kama Ezekieli asemavyo katika sura ya 34. Hayo ndiyo tuliyorithi, na yanamfaa askofu wa Malindi, na mchungaji wa kanisa la mabati kule Magarini.

Tena watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa jambo hili. Mmisionari Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujageuka alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, alipotaka kukaa Rabai pamoja na mwenzake Rebmann, hawakwenda kujenga tu. Walikwenda kwanza kwa wazee, wakaomba, wazee wakashauriana na kukubali. Injili iliingia kwetu kwa mlango uliofunguliwa na baraza la wazee. Wala babu zetu hawakumkubali kiongozi kwa sababu amepewa kofia na Mwingereza. Walitaka kujua ni nani aliyemweka, na amekaa na nani barazani. Je, sisi Wakristo tuwe na akili ndogo kuliko babu zetu katika kaya?

Tunawaomba basi mfanye jambo moja juma hili. Kila mshiriki ajiulize juu ya kanisa lake: Mchungaji wetu aliwekwa na nani? Anajibu kwa nani akikosea? Wazee wake wanaweza kumkatalia? Hesabu husomwa mbele ya watu? Kama majibu yapo, mshukuruni Mungu na mmwombee mchungaji wenu, maana mzigo wake ni mzito. Kama majibu hayapo, ulizeni kwa adabu, wala msiogope. Na wewe mchungaji unayetusikiliza, ukiulizwa, usione umedharauliwa. Mtunza nyumba mwaminifu hakasiriki akiambiwa aonyeshe funguo ziko ngapi.

Sasa tunarudi kwako, mama yetu. Umeuliza ni nani aliyesema kweli. Shemeji yako alisema kweli alipotaka jambo lipimwe kwa Biblia, lakini hakuifungua Biblia mahali panapohusika. Mjomba wa kijana alisema kweli juu ya vurugu zetu, lakini funguo alizojivunia zina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Wote wawili walitumia ukweli nusu nusu kama fimbo. Waite tena. Pika chai ile ya pili. Wasome pamoja Isaya 22 mpaka mstari wa mwisho, kila mmoja kwa Biblia yake. Mwanao na mchumba wake wazungumze na mchungaji, na pia na padre, waulize mapema watoto watabatizwa wapi na watasali wapi, kwa maana hayo ni maswali ya kweli, nayo hayamalizwi kwa mapenzi peke yake. Mkikubaliana, mshukuruni Mungu. Msipokubaliana, muachane kwa heshima, bila kumwita mwenzenu mpagani.

Na tukumbuke sote kwamba jioni moja mwenye nyumba atarudi. Hatatuuliza kwanza tulikuwa na vyeo gani. Atawauliza watunza nyumba wake: watu wangu niliowaacha mikononi mwenu wako wapi?

Tuombe.

Bwana Yesu, Mwana wa Daudi, ufunguo ni wako. Tusamehe sisi tulioushika kama mali yetu. Wafariji waliopoteza jamaa zao Shakahola, na wale ambao hawajapata hata kaburi la kulilia. Wape maaskofu, makasisi, mapadre na wazee wote wa pwani yetu moyo wa utumishi. Ibariki nyumba ya mama huyu wa Kaloleni, na wale vijana wawili uwaonyeshe njia. Utufungulie mlango ambao hakuna awezaye kuufunga. Amina.